Ncha ya daraja la pili: fomula peke yake haitoshi

Mwanafunzi wa uzamili pale Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, anayeanza nadharia za uga wa kwanta zinazotatulika kikamilifu katika vipimo viwili (nafasi moja na wakati) hupewa ushauri mmoja: shika yuniteriti (jumla ya uwezekano wote ni moja), ulinganifu wa kuvuka (chembe inayoingia husomeka kama antichembe inayotoka) na butistrapu (chembe zilizoungana huhesabiwa kama chembe nyingine za nadharia ileile), andika matriki S, yaani fomula ya matokeo ya migongano; michoro ya Feynman, inayohesabu mgongano hatua kwa hatua, achana nayo. Ushauri huo una uzito. Kwa njia hiyo makala ya mwaka 1979 ya ndugu wawili, Alexander na Alexei Zamolodchikov, ilijenga matriki S ya sine-Gordon, moja ya nadharia hizo, na mwaka 1989 Alexander akapata chembe 8 za modeli ya Ising, modeli maarufu ya sumaku, ikiwa ndani ya uga wa sumaku, uwiano wa tungamo mbili za kwanza ukiwa 2cos(π/5), yaani 1.618. Kuhesabu michoro ya Feynman kitanzi baada ya kitanzi kusingefika huko.

Ila fomula hizo zina ncha, yaani mahali ambapo thamani yake hupaa bila kikomo. Kwa kawaida ncha huashiria chembe, lakini si kila ncha ni chembe. Chukua Toda ya afini ya a₃, nadharia nyingine ya aina hii, yenye chembe tatu za tungamo √2m, √2m na 2m. Chembe ya 2m ikigongana na mwenzake, matriki S ya mgongano huo, S₂₂, ina ncha ya daraja la pili kwenye θ = iπ/2, θ ikiwa tofauti ya rapiditi (kipimo cha mwendo) za chembe hizo. Anayehesabu kila ncha kuwa chembe atapata tungamo ya 2√2m, ambayo nadharia haina.

Jibu lilitolewa na wanafizikia Coleman na Thun mwaka 1978, wakichunguza sine-Gordon: ncha hiyo ni singulariti ya Landau, mahali ambapo mistari yote ya ndani ya mchoro wa Feynman hutimiza sharti la tungamo kwa wakati mmoja, yaani kila mstari huwa kama chembe halisi. Kila mstari huongeza daraja moja la ncha. Kila kitanzi, kwa kuwa ni integrali ya vipimo viwili, huondoa mawili. Chora mraba wa upande 2m, kila upande ukiwa chembe moja inayoingia au kutoka, kisha diagonali zake, ambazo nusu zake ni mistari ya ndani. Kila nusu ya diagonali ina urefu wa √2m, tungamo ya chembe nyepesi kamili. Mistari minne, kitanzi kimoja: 4 − 2 = 2. Rula na penseli zinatosha.

Kisha nguvu ya ncha. Karibu na iπ/2, S₂₂ hukua kama β⁴/64 ikigawanywa kwa (θ − iπ/2)², β ikiwa nguvu ya mwingiliano wa chembe. Hiyo β⁴ ndiyo ya kukazia macho, maana mchoro una vipeo vinne (mahali mistari inapokutana) na kila kipeo huleta β moja. Kosa la kawaida ni kupanua upande wa juu wa mgawanyo wa S₂₂ tu na kusahau vipande vya upande wa chini, vyenye B(β), kiasi kinachotegemea β. Hapo β hupotea kabisa, na hakuna mchoro wowote unaoweza kutoa ncha ya namna hiyo. Asiyejua michoro hana namna ya kulinusa kosa hilo, kwa sababu yuniteriti haitamlalamikia.

Wanaopinga wanasema haya hufanya kazi kwa β ndogo tu, na kwamba katika Toda ya e₈, yenye chembe nane, ncha hufika daraja la 12, michoro ikawa msitu. Ni kweli, na hapo butistrapu inashinda bila ubishi. Hata hivyo kazi ya Patrick Dorey na Davide Polvara ya mwaka 2022 imeonyesha kwamba singulariti za Landau hutoa pia vizidishi vya ncha vilivyo chini ya kile kikuu, si daraja la ncha pekee. Kwa hiyo S₂₂ ya a₃ ifanywe kwa mkono, mraba na vipeo vyake vinne, kabla mwanafunzi hajafunguliwa jedwali la e₈.