Toa Kidole, Mzee

Mapokezi walimwona akiingia na kidole mdomoni, wakamwambia kwa upole, "Tumeelewa mzee, ni gego. Toa kidole utuambie jina." Akatikisa kichwa. Alipoketi kwenye kiti changu nami nikayarudia yaleyale: "Vizuri, nimeliona jino lenyewe, sasa toa kidole." Akanguruma, kisha kwa mkono uliobaki huru akachomoa mfukoni kichupa cha supagluu.

Nikaelewa kila kitu.

Gego lile tulikuwa tumeshalichonga kwa ajili ya onlei, kipande cha kauri kinachofunika ncha za jino zilizovunjika. Ncha mbili zilikuwa zimevunjika, kuta nyingine nzima, kwa hiyo krauni, yaani kofia inayofunika jino zima, ingekula jino zuri bure. Ncha dhaifu tulizipunguza milimita 1.5 hadi 2, maana kauri nyembamba mno hupasuka kwa kutafuna. Tukachukua vipimo, tukamvalisha kipande cha muda cha plastiki. Hicho hushikizwa kwa simenti dhaifu makusudi, ili kitoke bila vita siku onlei yenyewe ikiwa tayari. Kilitoka mapema, na peremende ya kunata. Badala ya kukitia kwenye kikopo safi na kutupigia simu, mzee akaamua kutupunguzia kazi.

Supagluu hugandishwa na unyevu. Watu hudhani mate yataichelewesha, kumbe ndiyo yanayoihimiza. Kabla hajamaliza kukandamiza, kipande kilishaganda mbele nyuma, kimesimama juu kuliko meno jirani, na kidole kimeingizwa kwenye mkataba.

Kidole kilichonata hakivutwi, ngozi itabaki kwenye jino. Na asetoni haimwagwi mdomoni hata mgonjwa akiiomba kwa ishara. Tulitumia maji ya uvuguvugu na subira, tukikibiringisha taratibu upande huu na huu, huku yeye akitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaelewa. Kilipoachia, neno lake la kwanza likawa: "Lakini imeshika, au sivyo?"

Imeshika! Ilibidi nikikate kile kipande vipandevipande kwa mashine, maana ukikinyofoa kizima unaweza kuondoka na ukuta wa jino. Kisha nikalisugua jino kwa unga wa pamisi, jiwe laini la kusugulia, na maji. Utando wa gundi ukibaki, onlei haishuki hadi mwisho na simenti haipati pa kushika.

Onlei ilikuwa imeshafika. Tukaijaribu, ikakaa. Tukamfunika kwa shuka la mpira kuzuia mate, na kwa mara ya kwanza chumba kikatulia. Nje ya mdomo, tumbo la onlei, yaani upande wake wa ndani, likapakwa asidi ya haidrofloriki ya asilimia 5 kwa sekunde 20, likaoshwa, likakaushwa, likapakwa sileni, dawa ya kuishikanisha kauri na simenti. Enameli nayo ikapata asidi ya fosforiki ya asilimia 37 kwa sekunde 30, maji, kisha kiunganishi. Simenti ya rezini, bonyeza, futa ziada, pitisha uzi wa meno kabla haijawa jiwe, halafu taa ya kuigandisha kila upande.

Mwisho ni karatasi ya rangi ya kupima mng'ato. Hapo usimwamini mgonjwa: mwenye ganzi atasema "iko sawa" hata ukimwekea kokoto. Fuata alama. Nilipunguza nukta moja iliyogonga mapema, nikang'arisha.

Mzee alikitazama kichupa cha simenti yetu kwa heshima kubwa.

"Daktari, hii inauzwa wapi?"