Aga na Ust-Orda: kura ilipigwa kweli, ila swali lilikuwa moja tu

Kila zikitajwa zile okrugi mbili (maeneo yenye utawala wake) za Waburyat, watu wa jamii ya Wamongolia kule Siberia, yaani Aga na Ust-Orda, lazima atokee mtu aseme hawa walijifuta wenyewe kwa kura zao, sasa kelele za nini. Na kweli kura ilipigwa. Ust-Orda walipiga 16 Aprili 2006, wakaingizwa rasmi oblasti (yaani mkoa) ya Irkutsk 1 Januari 2008. Aga walipiga 11 Machi 2007, na ilipofika 1 Machi 2008 wakaunganishwa na oblasti ya Chita ukazaliwa mkoa mpya, Zabaykalsky Krai. Yaani ndani ya miezi miwili Waburyat wakabaki na eneo moja tu lenye hadhi kamili kwenye shirikisho la Urusi, jamhuri yao ya Buryatia, wakati kabla ya hapo walikuwa na matatu.

Wanaotetea muungano wana hoja ya maana tu. Sensa ya 2002 ilikuta Ust-Orda watu kama 135,000 na Aga 72,000 hivi, halafu kila moja ilikuwa na mkuu wake, bunge lake, idara zake na maseneta wawili Moscow, na sehemu kubwa ya hela ya Ust-Orda ya kuendeshea hayo yote ilikuwa inatoka hukohuko Moscow. Makao makuu ya Ust-Orda yako kama kilomita 70 tu kutoka Irkutsk mjini. Kikatiba nako kulikuwa na mkanganyiko, okrugi ni sawa kwa hadhi na oblasti, hapohapo ni sehemu ya oblasti hiyohiyo, sasa kwenye barabara au hospitali nani analipa nini ni mvutano usioisha. Mtu wa Ust-Orda aliyepiga kura ya ndiyo akitegemea barabara bora alikuwa na akili timamu kabisa, na simlaumu.

Ila hadhi ile walipewa kwa sababu nyingine kabisa, na hapo ndo watu wengi wanapitiliza. Jamhuri ya Buryat-Mongolia iliundwa 1923 ikiwa imewakusanya Waburyat wa pande zote mbili za Ziwa Baikal. Septemba 1937, kipindi cha Stalin, wakati watu wanakamatwa kwa tuhuma za kutaka kuungana na Wamongolia wenzao, jamhuri ikakatwa vipande. Magharibi ikakatwa Ust-Orda ikapewa Irkutsk, mashariki Aga ikapewa Chita. Kiongozi wa chama wa jamhuri, Mikhei Yerbanov, akakamatwa mwaka huohuo na kupigwa risasi 1938. Mwaka 1958 hata neno Mongolia likaondolewa kwenye jina. Hakuna Mburyat aliyeulizwa kwa kura yoyote katika hayo yote.

Sasa kuna wanaosema, kama mipaka yenyewe ilichorwa na Stalin, mbona mnailinda? Swali zuri, na jibu lake liko Olkhon. Wilaya ya Olkhon, pamoja na kile kisiwa cha Baikal ambacho kwa Waburyat ni mahali patakatifu, nayo ilikatwa 1937 ikapewa Irkutsk, ila yenyewe haikupewa okrugi, ikawa wilaya ya kawaida tu kama zingine. Kwa hiyo okrugi ndo kitu pekee walichoachiwa waliokatwa. Umevunja nyumba ya mtu ukamwachia chumba kimoja, basi baada ya miaka 70 huwezi kuja kumwambia chumba chenyewe hakina maana kwa sababu wewe ndo uliyevunja nyumba.

Tuje kwenye namba, manake namba ndo inayotajwa sana. Ust-Orda waliosema ndiyo walikuwa asilimia 97.79, waliojitokeza asilimia 99.51. Hebu kaa na hiyo ya pili. Katika kila watu 200 wenye haki ya kupiga kura, mmoja tu hakufika. Kwenye eneo la mashambani, vijiji vimetawanyika, Aprili ya Siberia, kuna wagonjwa, kuna vijana wako Irkutsk wanatafuta kazi, kuna wazee hawatoki kitandani, na kuna watu wasiojali siasa kama walivyo kila mahali duniani, halafu anakosekana mmoja kwa 200. Irkutsk yenyewe siku hiyohiyo, swali hilohilo, walijitokeza kama asilimia 69. Mi sina ushahidi wa kusema kura ziliibwa na sisemi hivyo. Ninachosema ni kwamba watu hawajitokezi hivyo wenyewe bila kusukumwa, na matokeo ya namna hiyo hayawezi kukwambia mtu alitaka nini moyoni mwake.

Hata tukiikubali namba kama ilivyo, bado kuna swali lenyewe. Karatasi iliuliza unakubali kuungana na Irkutsk, ndiyo au hapana. Kulikuwa na Waburyat, hasa wasomi na vijana wa Ulan-Ude, mji mkuu wa Buryatia, waliokuwa wanasema kama ni kuungana basi turudishwe Buryatia tulikotolewa. Hilo halikuwekwa kwenye karatasi. Nakubali kwa Ust-Orda lingekuwa gumu, Waburyat walikuwa hawafiki hata asilimia 40 ya wakazi na wengi ni Warusi, wao Buryatia wangeifuata ya nini. Lakini Aga Waburyat walikuwa zaidi ya asilimia 60! Hao nao hawakuulizwa.

Na hiyo hoja ya udogo, mbona haikutumika kwa wote? Okrugi ya Nenets, kaskazini mwa Urusi, ina watu 41,000 hivi, wachache kuliko Aga, na ipo mpaka leo na hadhi yake. Okrugi za Khanty-Mansi na Yamal kisheria ni sehemu ya mkoa wa Tyumen na hazijamezwa. Ukiangalia utakuta hizo tatu zina mafuta na gesi. Zilizomezwa kati ya 2005 na 2008, Komi-Permyak, Taymyr, Evenkia, Koryak, Ust-Orda na Aga, hazikuwa na mapato ya namna hiyo ya kuzilinda. Mwaka 2020 wakajaribu kuiunganisha Nenets na mkoa wa Arkhangelsk, watu wakakataa waziwazi, na kwenye kura ya marekebisho ya katiba mwaka huohuo Nenets ikawa sehemu pekee ya Urusi ambapo wengi walisema hapana, zaidi ya asilimia 55. Mpango ukawekwa kando. Hivyo ndivyo inavyoonekana watu wakiwa na nafasi ya kukataa.

Aga na Ust-Orda walibakiziwa kinachoitwa hadhi maalumu. Jina lipo, wilaya zipo, tatu za Aga na sita za Ust-Orda, lakini maseneta hakuna, bunge hakuna, na maana ya hiyo hadhi imeandikwa kwenye sheria za mkoa ambako Waburyat ni wachache mno, kwa hiyo walioiandika wanaweza kuipunguza bila kuwategemea wao. Novemba 2018 Moscow ikapanga upya kanda zake, Zabaykalsky na Buryatia zikahamishiwa kanda ya Mashariki ya Mbali, Irkutsk ikaachwa Siberia. Kwa hiyo leo Mburyat wa Aga na Mburyat wa Ust-Orda, ambao mababu zao mpaka 1937 walikuwa jamhuri moja, hata kanda hawako moja.