Hajji Amesafiri, Mwenye Shida Asubiri

Ofisi yetu iko Malaba, upande wa Uganda, na kazi yetu ni kutoa mizigo forodhani. Maisha ya hapa ni hivi: lori limetoka Mombasa na kontena la mtu wa Kampala, karatasi moja haikubaliani na nyingine, na dereva amelala chini ya trela na namba yetu ya simu mkononi. Anapiga. Asipopokewa anampigia mhasibu. Mhasibu naye akinyamaza, anampigia Hajji. Na Hajji, ambaye ndiye mwenye kampuni, akiamshwa saa nane usiku huwakasirikia watu wote isipokuwa aliyemwamsha, kwa sababu yule ni mteja.

Basi Hajji akarudi kutoka Kampala akiwa ameshaambiwa na rafiki yake kwamba ofisi za siku hizi hazipokei malalamiko kwa simu. Dereva anaandika barua pepe, lalamiko linapewa namba, linakuwa tiketi, linakaa kwenye orodha mpaka mtu alishughulikie na kulifunga, na mwenye kampuni anafungua kivinjari tu na kuona nani analala kazini. Akaniita.

"Kijana, hiyo kitu inawezekana hapa?"

"Inawezekana, Hajji."

"Bei?"

"Programu yenyewe ni ya bure."

Hajji hakuwa na swali jingine.

Nilichagua Request Tracker, wenyewe huiita RT. Jesse Vincent alianza kuiandika mwaka 1996, inaendeshwa kwa lugha ya Perl, na bado inatumika hadi leo, jambo ambalo kwa programu ya kompyuta ni uzee wa heshima. Seva ilikuwa kompyuta ya mezani iliyostaafu. Niliiweka chini ya meza ya Mama Mhasibu, na siku hiyohiyo akaigeuza mahali pa kuwekea miguu. Debian, mfumo endeshi wenyewe, ikakaa. Apache ya kurasa ikakaa, MariaDB ya hifadhidata ikakaa, Postfix ya barua pepe ikakaa. Hadi hapo nilikuwa napiga mluzi.

Halafu tukafika kwenye moduli za Perl, yaani vipande vya programu ambavyo RT inavitegemea. RT ina amri inaitwa make testdeps, inayokuambia ni moduli zipi huna, na nyingine make fixdeps, inayokwenda kwenye ghala la CPAN kuzileta. Moduli moja inataka nyingine tatu, hizo tatu kila moja ina madai yake, na kila moja ikishuka inajifanyia kwanza majaribio yake yote kabla haijakubali kuingia, huku wewe unaangalia bando la usiku linavyoyeyuka. Katikati ya shughuli Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, ikaisha. Ofisi giza. Nikamwendea Mama Mhasibu anipe hela ya umeme, akaniambia fungu la umeme la mwezi huu limeshatumika na mwezi haujaisha, kwa hiyo umeme wenyewe ndio wenye makosa. Nilinunua Yaka kwa hela yangu. Risiti bado ninayo, endapo anasoma hapa.

Mwishowe ukurasa ukafunguka, ukadai jina na nywila. RT mpya huja na mtumiaji root na nywila yake ni password, dunia nzima inajua. Niliibadilisha mbele ya Hajji, naye akahuzunika kidogo, maana ile ya kwanza alikuwa ameshaishika.

Kisha yakaja masharti. Hajji alitaka nakala ya kila lalamiko iende kwenye barua pepe yake. Sawa, nikamweka. Mama Mhasibu alitaka karatasi.

"Mwanangu, mkaguzi wa hesabu akija hafungui kompyuta. Anafungua faili."

"Lakini Mama, faida ya mfumo huu ni kwamba karatasi..."

"Faili," akasema.

Nikafungua /etc/aliases, faili linaloiambia seva barua ya anwani fulani iende wapi, nikaongeza anwani moja ambayo kila barua inayoiendea inasukumwa moja kwa moja kwenye amri ya kuchapa, kisha nikaiingiza anwani hiyo kwenye orodha ya wanaopewa nakala. Mstari mmoja tu. Lalamiko likiingia, printa inalitoa. Mpaka leo nauona ni mstari mzuri.

Jambo la tatu sikuambiwa. Hajji alikuwa anakwenda Umra, na mpwa wake aliyeko Mbale, kijana anayejua kompyuta, alimtengenezea skripti, programu ndogo ya kujibu barua akiwa safarini. Kila dakika inachungulia kisanduku, na kila barua mpya inapata jibu lenye kichwa "Nimesafiri" na maneno ambayo Hajji aliyatunga mwenyewe: "Assalaam alaykum. Nimesafiri Umra. Mwenye shida asubiri. Mwenye pesa ampe mhasibu."

Hajji akapanda ndege. Jioni ile madereva watatu wakatuma malalamiko yao ya kwanza kwa njia ya kisasa.

Sasa nifuate polepole. RT ilipokea lalamiko, ikampelekea Hajji nakala. Skripti ikaijibu RT: nimesafiri. RT huitambua barua ya tiketi kwa ile namba iliyo kwenye mabano katika kichwa cha barua. Ikiiona, inaiunganisha na tiketi yake. Barua hii haina namba, ina "Nimesafiri" tu. Kwa hiyo RT ikaona huyu ni mlalamikaji mpya, ikamfungulia tiketi mpya kwa jina lake, na kwa adabu zake ikamwandikia: lalamiko lako limepokelewa, namba yako ni hii. Skripti ikajibu: nimesafiri. RT ikafungua tiketi nyingine. Walikuwa kama wazee wawili waliokutana mlangoni, huyu habari za nyumbani, yule njema za kwako, huyu njema na watoto, na hakuna aliye tayari kuwa wa kwanza kunyamaza. Na madereva walikuwa watatu, kwa hiyo jozi za wazee zilikuwa tatu.

Watu waliotutangulia waliliona tatizo hili zamani. Tangu mwaka 2004 kuna kanuni ya intaneti, RFC 3834, inayosema barua iliyoandikwa na mashine ijitambulishe hivyo kwenye vichwa vyake vya ndani, ili mashine nyingine isiijibu. RT inajitambulisha. Na ikiletewa barua iliyojitambulisha, haiijibu. Skripti ya Mbale haikujitambulisha, wala haikuangalia kama mwenzake amejitambulisha. Mimi sisemi neno. Mpwa wa Hajji ni mpwa wa Hajji.

Saa saba usiku simu yangu ikalia. Ni Afande, mlinzi wetu, askari mstaafu, ambaye Kiswahili chake chote alikipata kambini.

"Mkubwa, kuna mtu ndani ya ofisi."

"Umemwona, Afande?"

"Kuona hapana. Nasikia. Anafanya kazi."

"Kazi gani?"

"Kazi tu. Na hii ofisi hata mchana sijasikia mtu anafanya kazi namna hii."

Nikamwambia itakuwa printa ya Mama Mhasibu, asiwe na wasiwasi. Afande hakuridhika. Baadaye alinisimulia kwamba aliuzingira mlango, akamwamuru aliye ndani atoke mikono juu. Aliye ndani akaendelea na kazi. Akaamuru mara ya pili kwa sauti kubwa zaidi. Feni ilikuwa imeachwa inazunguka, karatasi zilikuwa zimejaa sakafuni, na moja ikapeperuka ikatokea chini ya mlango hadi kwenye buti lake. Akaiokota, akaimulika kwa tochi, akasoma: Nimesafiri Umra. Mwenye shida asubiri.

Afande ni mtu wa amri. Akaketi, akasubiri.

Asubuhi Mama Mhasibu alifungua mlango akakuta sakafu nyeupe. Trei ya printa ilikuwa imekwisha karatasi na taa nyekundu inawakawaka. Mama, kwa moyo wake wa huruma, akadhani mashine ina njaa, akailisha rimu nzima. Ikamshukuru kwa kuanza upya. Kila tiketi kurasa mbili, kwa sababu barua ilichapwa pamoja na vichwa vyake vyote vya ndani, vile ambavyo binadamu hakupaswa kuviona. Akaizima. Akaiwasha, ikaendelea palepale ilipoachia. Akachomoa waya ukutani, akakaa kidogo, akasoma dua, akaurudisha. Ikaendelea.

Ukweli ni kwamba kazi za kuchapa hazikai ndani ya printa. Zinakaa kwenye foleni ya seva, katika /var/spool/cups, na printa ikifufuka tu inakabidhiwa inayofuata. Mama Mhasibu alikuwa anapigana na mashine iliyo mezani huku adui mwenyewe yuko chini ya miguu yake.

Nilipofika nilifungua ukurasa wa RT. Tiketi 1,874. Nilitaka kwenda moja kwa moja kwenye Postfix nikazime barua, lakini Mama alikuwa amesimama juu ya kiti na kunionyesha printa kwa kidole.

"Nyamazisha hiyo kwanza!"

"Mama, chanzo siyo..."

"Hiyo kwanza!"

Nikaandika cancel -a, foleni ikafutika, printa ikanyamaza. Mama akashuka, akamimina chai. Hajafikisha kikombe mdomoni, printa ikakohoa, ikatoa tatu mpya. Hapo ndipo niliporuhusiwa kuizima Postfix.

Nikampigia kijana wa Mbale nikamwomba aisimamishe skripti. Alishangaa. Alisema inafanya kazi vizuri sana, na tangu aiweke hajapata lalamiko hata moja.

Karatasi zilikuwa nyingi, na upande mmoja ni safi. Mama Mhasibu hatupi kitu. Akampa muuza rolex wa barabarani, azifungie chapati zake za mayai. Kabla ya saa saba mchana hakukuwa na mtu Malaba aliyekula chapati na mayai bila kusoma kwamba Hajji yuko Makka. Hasara? Mimi sikuiona. Wanaotudai walisoma "mwenye shida asubiri", na wengi wao kweli hawakuonekana hadi juma lililofuata. Na mfanyabiashara mmoja wa Tororo, aliyekuwa anatukwepa kwa muda mrefu, alikuja na deni lake lote mkononi pamoja na karatasi yenye mafuta, akauliza, "Mhasibu ndiye nani?"

Wale madereva watatu walishatatuliwa shida zao usiku uleule. Walipiga simu.

Nilitaka kuzifuta zile tiketi. RT haifuti kirahisi: ukiipa tiketi hali ya kufutwa inajificha tu, inabaki kwenye hifadhidata hadi utumie chombo chake kiitwacho rt-shredder. Nilishakiandaa. Mama Mhasibu akanishika mkono. Namba zikiruka, alisema, mkaguzi atauliza zilizokosekana ziko wapi, sawasawa na kitabu cha risiti kilichochanwa kurasa. Zikabaki.

Hajji akarudi na tende na maji ya Zamzam, akatugawia, akapokea pole na hongera zake, kisha akaketi mbele ya kompyuta akataka ripoti ya walalamikaji. Nikamfungulia. RT inachora chati nzuri sana. Hii ilikuwa na nguzo moja ndefu na vijiti vichache pembeni yake.

"Huyu ni nani anatulalamikia hivi?"

Hakuna aliyejibu. Afande, aliyekuja kuchukua tende zake, akasimama wima kabisa. Hajji akavaa miwani, akasogea karibu na kioo.

"Ni mimi," akasema.

Akavua miwani, akatutazama mmoja mmoja.

"Na muda wote huu nalalamika, hakuna hata mmoja wa kunijibu?"

"Tumekujibu, Hajji," Mama Mhasibu akasema. "Zote. Hiyo ndiyo ilikuwa shida."