Kura ya miaka 17 California: umri haukuwa tatizo, tatizo ni karatasi

Tarehe 3 Novemba 2020 wapiga kura wa California walilikataa Pendekezo namba 18, lililotaka baadhi ya vijana wa miaka 17 waruhusiwe kupiga kura, kwa asilimia 56 dhidi ya 44. Siku hiyohiyo walipitisha namba 17, lililowarudishia kura watu waliotoka gerezani wakiwa bado chini ya paroli, yaani kuachiwa kwa masharti. Kwa hiyo anayesema jimbo lilichoka kupanua daftari la wapiga kura ana kazi ya kueleza.

Pendekezo halikushusha umri kwa kila uchaguzi. Lilitaka mwenye miaka 17 atakayefikisha 18 ifikapo uchaguzi mkuu unaofuata apige kura katika mchujo na chaguzi maalumu zinazoutangulia. Ilibidi katiba ya jimbo iguswe, maana inataja miaka 18. Marekebisho ya 26 ya katiba ya Marekani, ya mwaka 1971, hayakuwa kizuizi: yanalinda kura ya mwenye 18 na zaidi, hayazuii jimbo kushuka chini ya hapo.

Hoja ya waliounga mkono ina nguvu kuliko inavyoonekana kwa mbali. Mkenya akisikia mchujo anafikiria chama kumtafuta mgombea wake. California, ukiondoa urais, sivyo. Tangu 2012 wagombea wa ubunge na ugavana wa vyama vyote huwekwa kwenye karatasi moja, na wawili wanaoongoza ndio huenda Novemba, hata kama ni wa chama kimoja. Huko Novemba huruhusiwi hata kuandika jina la mtu wa tatu. Aliyezaliwa Septemba 2002 alikuwa na haki kamili Novemba 2020, ila mchujo wa 3 Machi ulimpita, akakuta majina mawili yaliyochujwa na wengine. Idadi ya wanaoachwa hivyo hutegemea kalenda: mchujo ukiwa Machi ni waliozaliwa ndani ya miezi minane, ukiwa Juni, kama 2022, ni mitano.

Gharama hazikuwa kisingizio. Mchambuzi wa bajeti wa bunge la jimbo alikadiria kaunti zote kwa pamoja zingetumia kati ya laki kadhaa na dola milioni 1 kila miaka miwili, na vijana tayari hujiandikisha mapema wakiwa na miaka 16.

Upande wa pili, ukiongozwa na watu kama chama cha walipa kodi cha Howard Jarvis, ulidai mwanafunzi wa sekondari yuko mikononi mwa walimu wake, ambao wana maslahi katika hatifungani za shule, yaani mikopo inayoidhinishwa na wapiga kura na kulipwa kwa kodi ya nyumba. Hapo hoja inalegea. Kura ni ya siri, na wapo wanafunzi wa mwaka wa mwisho waliokwisha kutimiza 18 na wanapiga kura bila mtu kulalamika. Na ukisema kijana halipi kodi ya nyumba, wapangaji wengi watu wazima nao hawaletewi bili hiyo moja kwa moja.

Lakini ndani ya hoja hiyo dhaifu kuna nzito, nayo haikujibiwa vizuri. Karatasi ya mchujo ya California haina wagombea peke yao. Hubeba pia kodi za miji, hatifungani za shule zinazohitaji asilimia 55 ya kura, na mapendekezo ya bunge. Haya hayaendi Novemba. Yanaamuliwa siku ileile. Machi 2024 hatifungani ya dola bilioni 6.38 kwa ajili ya afya ya akili ilipita kwa asilimia 50.2. Chaguzi maalumu nazo zinatatiza zaidi. Kama namba 18 lingepita, mwenye miaka 17 angepiga kura 14 Septemba 2021 kuamua kama Gavana Newsom aondolewe, uchaguzi usio na duru ya pili ambayo kijana huyo alikuwa "anaiandalia" njia. Huwezi kutetea haki kwa kusema mchujo na uchaguzi mkuu ni kitu kimoja kilichokatwa vipande viwili, kisha ukaitumia pale ambapo kipande cha pili hakipo.

Jimbo la Ohio lilikata shauri kwa njia nyingine: mwenye miaka 17 hupiga kura ya kuteua wagombea, ila hapigi kura ya hoja za kodi wala mapendekezo. Kwangu huo ndio mpaka unaoeleweka.

Tatizo lake ni la kiufundi. Unahitaji karatasi ya aina ya pili, itengenezwe kwa kila eneo na imfikie mtu sahihi, katika jimbo ambalo kila mpiga kura ambaye usajili wake uko hai hutumiwa karatasi kwa posta. Mji wa Berkeley humo California uliwaruhusu vijana wa miaka 16 kuchagua bodi ya shule mwaka 2016, Oakland ikafuata 2020. Karatasi yenye kipengele hicho kimoja tu haikuwafikia hadi Novemba 2024.