Ukungu mwingi si lazima sumu iwe nyingi

Kila mazungumzo ya sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka, yakianza, hakosi mtu wa kusema: chagua punje zilizoota ukungu, tupa, mambo kwisha. Kuchambua kunapunguza sumu, hilo sibishi. Ninachobishia ni imani kwamba jicho linaweza kupima sumu.

Mchukue Aspergillus flavus, kuvu wa rangi ya kijani-manjano anayetengeneza aflatoksini. Anapenda joto, kwenye nyuzi 35 hadi 37 za Selsiasi anatanda haraka ajabu. Lakini sumu huitengeneza kwa wingi kwenye nyuzi 28 hadi 30 hivi. Mwoteshe kwenye sahani mbili za maabara, moja kwenye nyuzi 37, nyingine kwenye 29. Ile ya kwanza inaweza kufunikwa na ukungu hadi ukingoni huku sumu yake ikiwa kiduchu, na ya pili ndiyo ya kuogopwa. Chakula nacho kina neno lake: akipewa sukari hutoa sumu, akipewa peptoni tupu (protini iliyovunjwa vipande vidogo) hunawiri bila kutoa sumu ya maana. Tena wapo flavus wa asili wasio na sumu kabisa, hata hutawanywa mashambani makusudi ili wawabane wenzao wenye sumu.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba kuvu huyohuyo anaweza kuiharibu sumu aliyoitengeneza. Akikuzwa kwenye chupa ya kimiminika, sumu hupanda, hufika kilele, kisha huanza kushuka kadiri nyuzinyuzi za mwili wake zinavyozeeka na kumeguka. Chupa ikitikiswa ili hewa iingie vizuri, uharibifu huo huongezeka. Ndiyo maana siamini sana jaribio lililopimwa siku moja tu. Anayepima mapema na anayepima kwa kuchelewa wanaweza kupata jibu lilelile, mmoja sumu yake ikipanda, mwingine ikishuka.

Sasa asitokee mtu akasema tuyaache mahindi ghalani, sumu itajiondokea. Gunia si chupa ya maabara. Nafaka ikishakauka kuvu husinzia au hufa, na aflatoksini hubaki palepale. Jikoni nako hakuna msaada mkubwa, kwa kuwa sumu hii huhimili joto linalozidi nyuzi 200, wakati maji yanachemka kwenye 100.

Tena mara nyingi tunailaumu ghala bure. Ukame na joto kali wakati mahindi yanajaza punje humkaribisha kuvu shambani, kabla hata ya kuvuna. Ghala hupokea mzigo ulioanza zamani, kisha unyevu unaongeza chumvi kwenye kidonda. Kwa hiyo mtu akiniletea sampuli ya mahindi, sitaanza na rangi. Nitauliza mvua ilikatika lini, yalikaa siku ngapi kabla ya kukauka, na kama unyevu ulishuka hadi asilimia 13 au chini yake. Hapo ndipo nitajua kama kuna haja ya kuipeleka maabara haraka.