Makarani hawapungui kwa kuunganisha vituo

Kuna makala inadai ukiunganisha vituo vitatu vya kupigia kura kuwa kimoja, gharama zinabaki theluthi. Wapi! Kinachopungua ni kodi ya jengo, usafirishaji wa vifaa na mishahara ya wasimamizi wawili. Makarani wa daftari, wanaohakiki majina ya wapiga kura, wako palepale, maana kazi yao hufuata idadi ya watu. Karani akitumia dakika 2 kwa kila mpiga kura, kwa saa 12 hawezi kuvuka watu 360, tena bila hata kwenda msalani, na watu wenyewe humiminika asubuhi na jioni. Kaunti ya Maricopa, jimbo la Arizona, Marekani, ilishuka kutoka vituo takriban 200 mwaka 2012 hadi 60 kwenye mchujo wa urais wa Machi 2016, watu wakasota foleni saa kadhaa. Halafu karatasi za kura: maeneo yaliyounganishwa yakiwa na madiwani tofauti, meza moja inakuwa na aina mbili tatu za karatasi, na karani aliyechoka humpa mtu isiyo yake, ikishatumbukia sandukuni, basi. Hiyo akiba inayotajwa, kuna aliyeona kama walioipigia hesabu wameikata gharama ya barua za kumjulisha kila mpiga kura kituo chake kipya?