Reli ya kitanda ina hatia kiasi gani?

Muuguzi anashusha reli ya kitanda ili amgeuze mgonjwa. Glavu kavaa. Akishamgeuza, anashika kiungio cha dripu na kukikaza kwa mkono uleule, glavu zilezile. Haichukui hata nusu dakika. Kama pale relini palikuwa na bakteria, wameshapata usafiri hadi mlangoni mwa mshipa wa damu. Wataalamu wa maambukizi ya hospitalini wamebishana miaka nenda miaka rudi juu ya jambo hili: mkosaji ni reli au mkono?

Wanaoulaumu mkono wana historia upande wao. Mwaka 1847, jijini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwataka madaktari na wanafunzi waliotoka kupasua maiti wanawe kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wanawake waliokuja kujifungua. Vifo vilivyokuwa vikizidi 10 kwa kila wanawake 100 waliojifungua vilishuka hadi chini ya 2. Jengo lilikuwa lilelile.

Silaha yao nzito zaidi, hata hivyo, ni utafiti uliochapishwa mwaka 1982. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, ilihamia jengo jipya, na watafiti wakapima bakteria kwenye nyuso za jengo la zamani na za lile jipya, kabla na baada ya wagonjwa kuingia. Jengo jipya lilianza likiwa safi kuliko la zamani, lakini wagonjwa waliendelea kuambukizwa kwa kiwango kilekile. Anayetaka kupunguza bajeti ya usafi hapati utafiti mtamu kuliko huo.

Mimi siubishii, ila nauliza ulihesabu nini. Maambukizi mengi ya hospitalini hutokana na bakteria wa mgonjwa mwenyewe: wa utumbo wanapanda hadi kibofuni kwa kufuata mpira wa mkojo, wa ngozi wanaingia pale sindano ilipochomwa. Ukiyahesabu yote kwa mkupuo, yale yaliyotoka kwenye kitasa au meza ya kitandani yanamezwa humo na hayaonekani. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama nyuso zina hatia, taja kwanza bakteria unayemzungumzia.

Mchukue Clostridioides difficile, anayeleta kuhara kukali baada ya mgonjwa kutumia antibiotiki. Huyu hujifunga ndani ya spora, yaani ganda gumu la kujihifadhi, na spora hukaa juu ya uso mkavu hadi miezi mitano. Spirit ya kusugulia mikono haiziui. Zinataka maji na sabuni mikononi, na klorini kwenye nyuso. Acinetobacter, bakteria mwingine wa hospitalini, naye huvumilia ukavu kwa miezi. Kwa wadudu wa namna hii, mgonjwa anayelazwa katika chumba ambacho aliyemtangulia alikuwa nao ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwapata, ingawa wawili hao hawajawahi hata kuonana. Hapo mkono pekee hautoshi kueleza kilichotokea.

Majaribio makubwa nayo hayajampa mtu ushindi kamili. Katika hospitali 9 za Marekani, matokeo yakatolewa mwaka 2017, kuongeza mashine ya mionzi ya urujuanimno (UV), inayoua vijidudu, baada ya usafi wa kawaida kulipunguza maambukizi ya bakteria sugu (wasiouawa na antibiotiki za kawaida) waliolengwa kwa karibu asilimia 30. Lakini kwa C. difficile, vyumba vilivyokwisha kusafishwa kwa klorini havikupata nafuu ya ziada kutokana na mionzi. Australia ilijaribu njia nyingine katika hospitali 11: kuwafundisha wasafishaji, kukagua kazi yao na kuwaambia matokeo. Enterokoki sugu, bakteria wa utumbo, walipungua. Maambukizi mengine mawili yaliyofuatiliwa hayakuonyesha tofauti ya kutegemewa.

Jambo ninaloliona linapuuzwa na pande zote mbili ni usafi wenyewe unavyofanyika. Kuna watafiti waliopaka alama isiyoonekana kwa macho kwenye nyuso zinazoguswa sana katika hospitali 36, kisha wakarudi na tochi maalumu kuona zipi zimefutwa. Hazikufika nusu. Baada ya wasafishaji kuonyeshwa matokeo na kuelekezwa, zilipanda hadi zaidi ya robo tatu, bila mashine yoyote mpya. Msafishaji mwenye kitambaa kimoja na ndoo moja kwa vitanda sita hasafishi, anasambaza. Na dawa iliyoandikwa iachwe na unyevu dakika kadhaa haifanyi kazi ikikaushwa palepale kwa sababu wodi nyingine inamsubiri. Ningekuwa na fedha za kitu kimoja tu, ningeongeza watu wa usafi na muda wao kabla ya kununua mionzi.

Halafu lipo sinki, ambalo linavuruga mjadala wote. Mwaka 2011, katika hospitali ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, bakteria sugu aitwaye Klebsiella aliyeingia na mgonjwa mmoja aliwafikia wagonjwa 18 kwa jumla. 11 walifariki, 6 kati yao kwa sababu ya maambukizi hayo. Bakteria huyo alikutwa kwenye matundu ya masinki, na kwenye mashine ya kupumulia iliyokuwa imeshasafishwa. Maji ya bomba yakianguka moja kwa moja kwenye tundu, matone huruka na kutua hadi umbali wa mita moja, kitandani au kwenye meza ya dawa. Mahali pa kunawia mikono pakawa kiota. Wodi moja ya wagonjwa mahututi huko Uholanzi iliamua kuyang'oa masinki yote kwenye vyumba vya wagonjwa na kutafuta njia za kuhudumia bila maji ya bomba, na idadi ya wagonjwa waliobeba bakteria wa kundi alimo Klebsiella ikashuka.